Sentensi ya msaada katika hotuba ya maafa

Kiongozi akihutubia waliofikwa na maafa, maneno mengi hupita. Linalobaki ni moja: nani atapewa nini. Hapo ndipo hotuba nyingi huharibika.

Chukua Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Tetemeko la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 na kubomoa nyumba zaidi ya 2,000. Michango ikakusanywa kwa jina la waathirika. Mtu anayelala nje na wanawe akisikia "michango ya waathirika", anaanza kuhesabu mabati yake. Januari 2017 Rais Magufuli akiwa Bukoba alisema Serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu. Fedha, alisema, ziende kwenye miundombinu ya umma, zikiwemo shule. Uamuzi wenyewe unateteeka, maana shule ni ya wengi. Ila kauli nzito namna hiyo hutangulia bakuli la michango, haifuati nyuma yake.

Kwa hiyo nikimwandikia kiongozi hotuba, baada ya pole naweka sentensi yenye kitu, kiasi, mpokeaji, mahali na saa: "Kila kaya iliyo kwenye daftari la mtendaji itapata unga kilo 25 na blanketi mbili, kesho saa 3 asubuhi, shule ya msingi." Inayofuata itaje kisichokuwepo: "Kuhusu nyumba bado hatujaamua, mkuu wa wilaya atawajibu Ijumaa." Wasaidizi hupenda kuifuta hii ya pili. Wakiifuta, watu watajijazia wenyewe.

Maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani Manyara, ya 3 Desemba 2023 yalimkuta Rais Samia Dubai, kwenye mkutano wa tabianchi. Kabla hajafika Katesh, mji wa Hanang, tarehe 7, alikwisha kuagiza Serikali igharamie mazishi na matibabu ya majeruhi. Ahadi ndogo, lakini mfiwa anaipima siku hiyohiyo mlangoni mwa mochwari.

Idadi ya vifo Hanang ilipanda siku hadi siku hadi kufika 89. Namba bila saa huzaa uvumi kwamba maiti zinafichwa. Sema "hadi saa 12 jioni leo".

"Mlijenga bondeni" lisitamkwe mbele ya majeneza, hata kama ni kweli. Chanzo akieleze mjiolojia, siku nyingine.

Na kwa Hanang, mkalimani wa Kiiraqw na wa Kibarbaig wapewe maandishi mapema, hasa zile kilo na saa. Nakala ibandikwe ofisi ya kijiji kabla msafara haujaondoka.