Kadi ya michoro kwenye mashine pepe: nani anamwambia mgeni ukweli?

Watu wengi wakiikabidhi mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi) kadi ya michoro kwenye Linux hudhani kadi inahamia huko mzima mzima, na kila inachoweza. Sivyo. Mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, huujua uwezo wa kifaa kadiri kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mwenyeji, yaani kompyuta halisi, na QEMU, programu inayoiigiza mashine pepe, wanavyomwonyesha. Kazi hiyo kwa upande wa kerneli hufanywa na VFIO, sehemu yake inayokabidhi vifaa halisi kwa programu, iliyoingia Linux 3.6 mwaka 2012.

Kifaa cha PCI Express, njia inayounganisha kadi na prosesa, kina eneo la usanidi la baiti 4,096, ambamo kinajieleza kwa mfumo. Kwenye nafasi ya 0x34 kuna kielekezi cha maelezo ya uwezo wa kwanza, nao unaelekeza kwa unaofuata, hadi mwisho wa mnyororo. VFIO inakaa hapo katikati. Rejista (visanduku vya data vya eneo hilo) nyingine inaziachia mgeni azisome kama zilivyo, nyingine inaziiga, nyingine inazificha kabisa. Anwani za MSI, ujumbe ambao kifaa hutuma kuishtua prosesa, kwa mfano, lazima ziigwe: namba anayoiandika mgeni haina maana yoyote kwenye mashine halisi.

Ugumu unaanza pale uwezo usipokuwa wa kadi peke yake. Chukua operesheni za atomiki za PCI Express, yaani kusoma na kubadili data kwa hatua moja isiyoingiliwa, ambazo baadhi ya kadi za AMD huzihitaji kwa kazi za ROCm, programu za AMD za kukokotoa kwa kadi ya michoro. Kadi hutuma ombi, lakini anayelikamilisha ni mlango mkuu wa PCI upande wa prosesa. Ndani ya mashine pepe mlango huo ni wa kuigiza, umetengenezwa na QEMU, na zamani haukutangaza uwezo huo. Draiva ya mgeni ikiuliza, inajibiwa hakuna, hata kama vifaa vyenyewe vinaweza.

Mwaka 2023 VFIO iliongezewa taarifa ya operesheni hizo, iitwayo VFIO_DEVICE_INFO_CAP_PCI_ATOMIC_COMP. Sasa kerneli inakagua njia halisi kutoka kwenye kadi hadi mlango mkuu, kisha inataja ni operesheni zipi, za biti 32, 64 au 128, zinazokamilishwa. QEMU inayachukua majibu hayo na kuyaweka kwenye mlango wa kuigiza, ilimradi kadi imechomekwa moja kwa moja kwenye mlango huo. Ukiiweka kwenye basi la mzizi, yaani bila kupitia mlango huo, hupati kitu.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi taarifa hii ilivyopenyezwa bila kuvunja programu za zamani. Programu, kama QEMU, inaita VFIO_DEVICE_GET_INFO, ombi la taarifa za kifaa, ikitaja ukubwa wa nafasi ya kumbukumbu iliyotenga, kwenye sehemu ya ombi iitwayo argsz. Nafasi ikiwa ndogo, kerneli inaandika humo ukubwa unaohitajika. Programu inatenga upya na kuita tena, safari hii inapewa mnyororo wote wa taarifa za ziada. Programu isiyoujua mnyororo inaendelea na kazi zake kama kawaida. Huo ndio uhandisi wa kerneli ninaouheshimu.

Kadi yako ikigoma, endesha amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, lspci -vvv, kwa mwenyeji na kwa mgeni, kwa ruhusa za root, na ulinganishe mstari wa AtomicOpsCap wa mlango mkuu pande zote mbili. Alama ya kujumlisha ikiwa kwa mwenyeji na ya kutoa kwa mgeni, anza na toleo la QEMU na mahali ulipoichomeka kadi, kabla hujaigusa draiva.