Maana ya mwenyeji wa mwisho: mfano wa kimburu na vimelea vyake

Katika elimu ya vimelea, mwenyeji wa mwisho ni kiumbe ambaye ndani ya mwili wake kimelea hufikia utu uzima na kuzaliana kijinsia, yaani kwa kukutana kwa chembe ya kiume na chembe ya kike. Kiumbe anayebeba kimelea katika hatua za kabla ya hapo, hata kama humo kinaongezeka kwa kujigawa, huitwa mwenyeji wa kati. Kipimo ni hicho tu. Ukubwa wa mnyama hauhusiki, wala ukali wa ugonjwa anaoupata. Ndiyo maana katika malaria mwenyeji wa mwisho ni mbu aina ya Anofelesi, na binadamu, pamoja na mateso yake yote, ni mwenyeji wa kati. Katika kichocho mambo hugeuka, kwani konokono wa majini ndiye wa kati na binadamu ndiye wa mwisho.

Dhana hii huonekana vizuri zaidi kwa paka wadogo wa porini, kwa kuwa wao huishi kwa kula wanyama wadogo walio wenyeji wa kati. Mfano mzuri ni kimburu, paka wa porini anayeenea sehemu kubwa ya Afrika na ambaye kwa mbali ni vigumu kumtofautisha na paka wa nyumbani, isipokuwa kwa miguu yake mirefu na wekundu ulio nyuma ya masikio. Chakula chake kikuu ni panya. Panya anayekula nyasi au nafaka iliyochafuliwa na kinyesi cha paka humeza mayai ya tegu aitwaye Taenia taeniaeformis. Ukimpasua panya huyo baada ya wiki kadhaa, utakuta kwenye ini lake kivimbe cheupe chenye ukubwa wa punje ya kunde, na ndani yake amejikunja mnyoo mchanga ambaye tayari ana kichwa chenye kulabu na mwili uliokwisha kugawanyika pingili. Hana viungo vya uzazi vilivyokomaa, wala hatavipata akibaki hapo. Ni lazima panya aliwe na paka, ndipo mnyoo ajishikize kwenye utumbo mwembamba, arefuke, akomae na kuanza kuachia pingili zilizojaa mayai. Kimburu mzima wa afya huweza kuishi na tegu wachache bila dalili yoyote.

Kimelea kingine kinachowategemea paka ni Toxoplasma gondii, ambacho ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Kiligunduliwa mwaka 1908, mjini Tunis katika panya wa jangwani aitwaye gundi, na mwaka huohuo nchini Brazili katika sungura. Kwa zaidi ya miaka 60 wanasayansi walikiona katika ndege, mifugo na watu bila kujua kinazaliana kijinsia wapi, hadi ilipothibitika, karibu na mwaka 1970, kwamba jambo hilo hufanyika katika utumbo wa paka. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa katika kinyesi chake mamilioni ya oosisti, ambazo ni vifuko vyenye ganda gumu, kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, kisha kwa kawaida huacha. Oosisti hizo zikiangukia udongo wenye unyevu huweza kudumu zaidi ya mwaka.

Kwa nini paka peke yao? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walitoa jibu ambalo kwangu ni miongoni mwa majibu mazuri sana katika fani hii. Utumbo wa paka hauna kazi ya kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kiitwacho delta-6-desaturasi, ambacho kwa wanyama wengine huibadili asidi ya linoleiki, aina ya mafuta yanayotokana na chakula. Kwa hiyo asidi hiyo hujaa ndani ya paka, na kimelea huitumia kama ishara ya kuanza kuzaliana. Walipokizuia kimeng'enya hicho katika panya wa maabara na kuwalisha asidi ya linoleiki, panya nao wakatoa oosisti.

Hapo tunaona pia kwa nini kanu na fungo, ambao watu wengi huwahesabu kuwa aina za paka, hawamo miongoni mwa wenyeji wa mwisho wa Toxoplasma. Wao ni wa familia nyingine kabisa. Kanu anaweza kula panya yuleyule ambaye kimburu angemla, akaambukizwa na kubaki na vimelea katika misuli, lakini hatatoa oosisti hata moja.

Kuwa mwenyeji wa mwisho si kinga ya ugonjwa. Manul, paka mdogo mwenye manyoya mazito wa nyika baridi za Asia ya Kati, ni mfano wa kusikitisha: katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani watoto wake wengi wamekufa kwa toksoplazma, ilhali manul walioko porini Mongolia ni wachache tu wanaokutana na kimelea hicho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aina hiyo ya paka iliishi vizazi vingi mahali pakavu na pa baridi ambapo oosisti ni chache, hivyo mwili wake haukuzoea kupambana nazo.

Wenyeji wa kati nao hubadilishwa tabia na kimelea hiki. Panya wa maabara walioambukizwa hupungukiwa na hofu ya harufu ya mkojo wa paka. Huko Maasai Mara nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto wa fisi madoa wenye maambukizi haya waliwasogelea simba karibu zaidi, na waliuawa na simba zaidi ya wenzao wasioambukizwa. Simba ni wa familia ya paka, kwa hiyo naye anaweza kuwa mwenyeji wa mwisho.

Binadamu ni mwenyeji wa kati, na kwa kawaida kimelea kinachoingia mwilini mwake hakipati tena nafasi ya kumfikia paka. Humpata kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa, au udongo, na hatari kubwa ni kwa mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtoto tumboni anaweza kudhurika. Oosisti iliyotoka leo bado haina uwezo wa kuambukiza. Huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ili ikomae. Hivyo kinyesi cha paka kikiondolewa kila siku na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hiyo hupungua sana.