Kirusi: kilivyoundwa, kinavyozaliana na kinavyoleta ugonjwa

Kirusi ni kipande cha vinasaba kilichofunikwa kwa ganda la protini. Kikiwa nje ya seli hakili, hakipumui, hakikui wala hakizaliani. Kikishaingia katika seli inayokifaa, seli hiyo inaanza kutumia nguvu na malighafi yake kutengeneza virusi vingine. Utegemezi huo ndio unaoeleza karibu kila kitu kuhusu virusi, hata kwa nini dawa zake ni ngumu kupatikana.

Virusi vingi vina ukubwa wa nanometa 20 hadi 300 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), wakati bakteria wengi hufikia nanometa 1,000 au zaidi. Hadubini ya kawaida haivioni, kwa hiyo watu walijua kwamba vipo kabla ya kuviona. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yaliyougua kwa kichujio kinachonasa bakteria, lakini maji yaliyopita yakaendelea kuambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifanya jaribio kama hilo na kutambua kwamba chanzo hicho huongezeka ndani ya seli hai tu. Umbo la virusi lilikuja kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya kupatikana hadubini ya elektroni.

Vinasaba vya kirusi huwa vya DNA au RNA, molekuli zinazobeba maelekezo ya kukijenga. Virusi vya ndui na tetekuwanga vina DNA. Vya surua, polio na homa ya mafua vina RNA. Vinasaba hivyo ni vichache mno. VVU vina 9, ilhali binadamu ana takribani 20,000 vya kutengeneza protini. Kwa sababu ya uchache huo kirusi hakiwezi kujijengea ganda la protini za aina nyingi, hivyo hurudia aina moja au chache mara nyingi, zikipangana zenyewe kwa ulinganifu wa kupendeza.

Virusi vingine vina utando wa mafuta juu ya ganda, ambao kirusi hujivika kutoka kwa seli kinapotoka. Utando huo unaonekana kama ulinzi, kumbe ni udhaifu: sabuni huyeyusha mafuta na kirusi husambaratika. Ndivyo inavyokuwa kwa virusi vya homa ya mafua na vya UVIKO-19. Virusi visivyo na utando, kama vya polio na norovirusi wa kuharisha, ni vigumu zaidi kuuawa, lakini kunawa bado kunasaidia kwa sababu maji huviondoa mikononi.

Ili kiingie, kirusi lazima protini zake za nje zishikane na molekuli fulani iliyo juu ya seli. VVU hutafuta CD4, iliyo kwenye baadhi ya chembe nyeupe za damu. Kirusi cha UVIKO-19 hutafuta ACE2, iliyo katika njia ya hewa na sehemu nyingine kadhaa. Seli isiyo na molekuli inayohitajika kwa kawaida haiambukizwi, na hiyo ni sababu kubwa ya kila kirusi kuwa na mahali pake mwilini.

Ndani ya seli, ganda hufunguka na vinasaba huachwa huru. Ribosomu, zinazotengeneza protini za seli, hazibagui maelekezo. Husoma ya kirusi kama ya kwetu. RNA ya polio husomwa moja kwa moja, na seli moja huweza kutoa maelfu ya virusi ndani ya saa chache kabla ya kufa. VVU hufanya jambo zito zaidi: hugeuza RNA yake kuwa DNA na kuipachika ndani ya DNA ya mtu. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, vinavyonakili RNA hukosea mara kwa mara, na makosa hayo huzaa mabadiliko. Hii ni sababu moja ya chanjo ya homa ya mafua kupitiwa upya kila mwaka.

Sasa ugonjwa. Wengi hudhani kirusi hutuumiza kwa kuua seli tu. Ni kweli kwamba polio inaweza kuua seli za neva zinazoendesha misuli na kuacha kiungo kimepooza. Lakini homa, maumivu ya mwili na uchovu wa mafua makali hutokana zaidi na kemikali ambazo kinga yetu wenyewe hutoa ili kupambana. Kwa homa ya ini B, kirusi chenyewe huharibu seli kidogo sana. Kinga ndiyo inayoziua seli zilizoambukizwa, na mapambano hayo yakidumu miaka mingi ini hujaa makovu.

Vingine huvizia. Kirusi cha tetekuwanga hubaki kimya katika neva hata baada ya mtoto kupona, na uzeeni huweza kuamka kama mkanda wa jeshi. Baadhi ya virusi vya papiloma huzima protini zinazozuia seli kugawanyika ovyo, na maambukizi ya muda mrefu huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi cha kichaa cha mbwa husafiri ndani ya neva kuelekea ubongo, mara nyingi kwa wiki au miezi. Aliyeng'atwa na mnyama aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kupata chanjo mara moja, maana dalili zikianza karibu kila mgonjwa hufa.

Antibiotiki hushambulia vitu ambavyo bakteria anavyo na sisi hatuna, kama ukuta wake wa seli. Kirusi hakina ukuta wala ribosomu zake, kwa hiyo dawa hizo hazina cha kushika. Dawa ya virusi hulenga vimeng'enya vichache vilivyo vya kirusi chenyewe. Dawa za kufubaza VVU huzuia hatua kama ya kugeuza RNA kuwa DNA, na huweza kushusha virusi katika damu hadi vipimo visivione. Hata hivyo haziing'oi DNA iliyokwisha kupachikwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa huzimeza maisha yake yote.