Je, ukiandika 300 DPI picha inakuwa safi zaidi?

Hapana. Lakini mimi niliamini hivyo kwa miaka, na nikawafundisha wengine. Nilipeleka steshenari picha ya zamani ya bibi, pikseli (vitone vya rangi vinavyounda picha) 640 kwa 480, ichapwe A4 kwa ajili ya fremu. Nyumbani nilishafungua programu, kwenye nafasi ya DPI nikafuta 72, nikaandika 300. Ikatoka na ukungu, kingo za mtandio zimefanya ngazi. Kijana wa mashine akacheka: "Kaka, umebadilisha lebo tu."

DPI ni vitone kwa kila inchi, na uzito uko kwenye hilo "kwa kila". Mwaga kisado cha mchele kwenye sinia: huoni chini. Mwaga mchele uleule kwenye mkeka: ukindu unaonekana katikati ya punje. Hakuna punje iliyopotea, zimetawanyika tu. Pikseli ndizo punje, karatasi ndiyo mkeka. Kuandika 300 ni kuagiza chombo kidogo: 640 gawanya kwa 300, unapata inchi mbili na kidogo. Ukilazimisha A4 iliyolazwa, inchi 11.7, zinabaki pikseli 55 hivi kwa inchi, faili liseme litakalosema.

Kuna programu zenye kisanduku cha kuongeza pikseli. Ukikiweka tiki, ukatoka 72 kwenda 300 kwa ukubwa uleule, picha yangu inafikia 2667 kwa 2000. Yaani katika kila pikseli 17, karibu 16 zimekisiwa. Akili unde hukisia kwa ustadi zaidi, ila macho itakayochora huenda yasiwe ya bibi.

Hiyo 72 ni urithi wa Macintosh ya 1984, ambayo skrini yake ilikuwa na pikseli 72 kwa inchi. Na 300 si sheria; ni takriban kikomo cha jicho zima likitazama kutoka sentimita 30, na macho hayalingani. Bango la kutazamwa kutoka mita 10 linatosheka na pikseli 9 hivi kwa inchi. Bibi tulimchapa upya inchi 4 kwa 3, na kutoka kwenye kochi anapendeza.

Printa ya DPI 1200 nayo huhesabu matone ya wino, si pikseli. Ina rangi chache tu, hivyo hukusanya matone mengi ili kuigiza rangi ya pikseli moja.

Kipanya ndicho kichekesho. DPI yake haihusu picha kabisa: ni hatua kinazoripoti kila kinaposogea inchi moja. Kwa 800, kuvuka skrini ya pikseli 1920 kunataka sentimita 6 za meza, kama kompyuta haichezei kasi. Kwa 16,000, milimita 3. Changu kinafika huko, na siku nilipojaribu, kupiga chafya tu kulifunga madirisha mawili.