Kufuta jina hakutoshi
Wapo Unguja na Pemba wanaoamini kwamba kipimo cha sukari kilichounganishwa na simu hakina siri ya kuvuja, maadamu jina la mgonjwa halikuandikwa. Si kweli.

Kila tone la damu linapopimwa, kifaa huhifadhi kiwango, tarehe na saa. Kikishatuma kwenye simu kwa bluututhi, programu nyingi hupeleka taarifa hizo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, nyengine zikiongeza na mahali ulipo. Chukua shehia moja ya Micheweni: mwanamke, tarehe yake ya kuzaliwa, hupima sukari kila alfajiri. Jirani gani atashindwa kumjua? Na si vijijini tu. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionesha kuwa asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa jinsia, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta (namba ya eneo anakoishi mtu) peke yake.

Kipimo chenyewe kina faida kubwa, mwenye kisukari asikiache. Lakini programu ikiomba majina yaliyomo kwenye simu yako, kataa. Sukari haipimwi kwa hayo. Na kabla ya kuuza simu, futa akaunti yako ya programu hiyo, maana kuondoa programu hakufuti kilichokwisha kwenda kwenye seva.