Wachanka wa Andahuaylas, na yale ambayo Cusco haikuyasema

Karibu kila kilichoandikwa kuhusu Wachanka kilitoka kinywani mwa watu wa Cusco, mji mkuu wa Wainka huko Peru, na watu wa Cusco ndio waliowapiga. Kazi yangu ni mifupa ya kale, na jambo hili limenikera miaka mingi. Ukimtaja Mwinka, kila aliyesoma historia kidogo anajua unasema nini. Ukimtaja Mchanka, utaambiwa mstari mmoja: walishambulia Cusco, wakashindwa, Wainka wakawa dola. Basi. Watu wa kabila zima, walioishi, wakalima na wakazika wafu wao kwa karne nne wamegeuzwa kuwa kikwazo cha kurukwa katika hadithi ya mtu mwingine.

Kwao ni Andahuaylas, mkoa wa Apurímac, kusini mwa Peru, katikati ya Ayacucho na Cusco. Ni nchi ya mabonde marefu yenye mahindi chini, viazi mviringo mlimani, na juu kabisa nyasi za baridi ambako lama na alpaka hulishwa. Wakati wao ni kuanzia takriban mwaka 1000 hadi Wainka walipowameza katika karne ya 15.

Hadithi yenyewe, kama inavyosimuliwa, ni tamu, na sioni haya kuisimulia tena. Wachanka walitoka katika ziwa Choclococha, kwenye nyanda za juu za Huancavelica. Waanzilishi wao walikuwa wawili: Uscovilca, babu wa Wachanka wa juu, Hanan, na Ancovilca, babu wa Wachanka wa chini, Hurin. Wakashuka hadi Andahuaylas, wakawafukuza wenyeji, wakakaa. Baadaye wakaikusudia Cusco. Mfalme Viracocha alipopata habari akakimbia na mrithi wake, Urco, akajificha juu ya bonde la Calca. Mwanawe mwingine, Cusi Yupanqui, akakataa kuondoka. Akabaki na watu wachache, akapigana, na vita vilipokuwa vikali mawe ya kondeni yakainuka yakawa askari, wale wanaoitwa Pururauca. Inatajwa pia mwanamke, Chañan Curi Coca, aliyepigana upande wa Cusco kama simba. Wachanka wakavunjika. Uwanja wa vita ukaitwa Yahuarpampa, uwanda wa damu, na kijana yule akatwaa jina la Pachacuti, anayeipindua dunia.

Sasa tuangalie nani alituletea hadithi hii.

Mhispania Juan de Betanzos aliiandika mwaka 1551. Mke wake, Doña Angelina Yupanqui, alikuwa wa ukoo wa Pachacuti huyo huyo. Kwa hiyo Betanzos aliyapata mambo haya kwa wakwe zake, na si ajabu kwamba katika kitabu chake Pachacuti hana dosari. Kwake Uscovilca ni bwana mkubwa aliye hai, anayeligawa jeshi lake sehemu tatu. Pedro Sarmiento de Gamboa aliandika mwaka 1572 kwa amri ya Toledo, gavana mkuu wa Hispania huko Peru, aliyetaka kuonyesha kwamba Wainka walikuwa wanyang'anyi, wasio na haki ya nchi. Kwa Sarmiento, Uscovilca ni babu aliyekufa zamani. Kinachobebwa vitani ni sanamu yake, ambayo wasomi wengi wanaielewa kuwa maiti iliyokaushwa, na majemadari ni Astu Huaraca na Tomay Huaraca. Halafu anakuja Garcilaso, mtoto wa Mhispania na mama wa nasaba ya Kiinka, aliyechapisha kitabu chake Lisbon mwaka 1609. Huyo anatuambia kwamba aliyekimbia ni Yahuar Huacac, na aliyeshinda ni Viracocha, yaani yule yule ambaye wenzake wamemfanya mwoga.

Basi adui ama yuko hai ama ni maiti, na shujaa wa mmoja ni mtoro wa mwingine. Hata mwaka 1438, unaonakiliwa kila mahali kana kwamba mtu aliuchonga juu ya jiwe siku ya vita, ni matokeo ya hesabu: mwanaakiolojia John Rowe aliukadiria mwaka 1945 kwa kutumia orodha ya wafalme iliyoandikwa na Miguel Cabello Valboa mwaka 1586. Ni hesabu ya mtu makini, ila ni hesabu.

Ndiyo maana nageukia udongo.

Wanaakiolojia Brian Bauer na wenzake Lucas Kellett na Miriam Aráoz Silva walilitembea eneo la Andahuaylas kwa miguu, kilima baada ya kilima, wakiandika kila palipo na vigae na kuta. Kama Wachanka wangekuwa dola inayolingana na ile iliyosimuliwa Cusco, tungetarajia mji mkuu, maghala, barabara, vyungu vya mtindo mmoja vinavyoenea mbali. Havipo. Kuna vijiji vingi, vingine vikubwa kiasi, kama Achanchi na Luisinayoq, kila kimoja na nyumba zake za mviringo za mawe, bila ushahidi kwamba mkuu mmoja aliwatawala wote. Bauer na wenzake waliona kwamba ukubwa wa Wachanka ulivimbishwa na washindi wao. Mimi nakubaliana nao. Sisemi kwamba hapakuwa na mapigano kati ya Andahuaylas na Cusco; nasema kwamba mwanzo wa dola ya Inka ulihitaji adui mkubwa, na jirani akakuzwa hadi akatosha.

Kilicho wazi ni kwamba baada ya mwaka 1000 watu walihama. Kabla yake eneo hili lilikuwa chini ya dola ya Wari, iliyokuwa na makao yake karibu na Ayacucho ya leo. Wari ilipoanguka, vijiji vya chini viliachwa na watu wakapanda kwenye migongo ya vilima, mara nyingi juu ya mita 3,500. Kwa nini mtu aache bonde lenye maji akajenge penye upepo? Jibu la haraka ni vita, na vilele vingine kweli vina ngome. Kellett anaongeza jibu ambalo mfugaji yeyote atalielewa: pale juu unasimama mpakani. Mashamba ya viazi yako chini yako kidogo, malisho yako juu yako kidogo, na mvua zikikosekana una mguu mmoja kila upande. Nadhani sababu zote mbili zilikuwepo kwa wakati mmoja, kwa sababu ukame na jirani mwenye njaa huja pamoja.

Mifupa inaunga mkono upande wa vita. Wachanka waliwazika wafu wao mapangoni, katika makaburi ya pamoja yanayoitwa machay, na Danielle Kurin, mtaalamu wa mifupa ya kale, amechunguza mafuvu ya huko kwa kina. Majeraha ya kichwa yanaongezeka baada ya Wari kuanguka. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi: wengi wa watu hao walifungwa vichwa utotoni. Mfupa wa kichwa cha mtoto mchanga ni laini. Ukizungushiwa mikanda ya kitambaa kwa miezi, kichwa kinarefuka kwenda juu na nyuma, na umbo hilo halibadiliki tena hadi kaburini. Mtu hawezi kulivua kama vazi. Kurin aligundua kwamba wenye vichwa vilivyofungwa ndio waliopigwa zaidi, na kuuawa zaidi. Mama aliyemfunga mwanawe mikanda alikuwa anampa utambulisho wa ukoo wake. Utambulisho huo huo ndio uliomfanya aonekane kwa mbali siku ya kisasi.

Lakini mafuvu hayo hayo yanaonyesha mikono ya waganga. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, Kurin alieleza mafuvu 32 yenye matundu 45 yaliyotobolewa kwa makusudi. Hebu nikueleze unachokiona ukilishika fuvu la namna hii. Tundu la aliyekufa mezani lina kingo kali. Alama za kifaa bado zinasomeka, na ndani ya ukingo unaona vijishimo vya tabaka la kati la mfupa, kama mkate uliokatwa sasa hivi. Tundu la aliyepona ni tofauti kabisa. Kingo zimelainika na kuteremka taratibu, vijishimo vimezibwa na mfupa mpya, na ukipitisha kidole hakikwami popote. Hiyo ni miezi au miaka ya maisha baada ya upasuaji, bila dawa ya usingizi tunayoijua leo. Waganga wa Andahuaylas walijaribu njia kadhaa: kukwangua polepole, kukata, na kutoboa vitundu vidogo vidogo kwa mduara kisha kunyanyua kipande. Katika Andes kwa jumla, kukwangua ndiko kulikowaponya wengi. Kuna hata mafuvu yenye vitundu visivyofika ndani, vilivyotobolewa juu ya maiti. Mtu alikuwa anajifunza. Hakuna hata mmoja wa wale waandishi watatu aliyetuambia kwamba Mchanka alikuwa na fani ya upasuaji na wanafunzi wa fani hiyo.

Baada ya kushindwa hawakutoweka. Wainka waliwaandikisha jeshini. Sarmiento anasimulia kwamba kikosi cha Wachanka chini ya Anco Ayllo kilipelekwa kaskazini pamoja na Capac Yupanqui, ndugu yake Pachacuti, na kikawapita Wainka kwa ushujaa. Pachacuti akaona wivu, akaagiza wauawe. Dada yake Anco Ayllo, aliyekuwa mke wa Capac Yupanqui, akazipata habari na kumwonya kaka yake. Wachanka wakaondoka usiku na kuingia msituni, upande wa Amazon. Leo Wakechua wa Lamas, katika mkoa wa San Martín, wanasimuliwa kuwa ni uzao wa wakimbizi hao. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara nafikiria yule dada, ambaye hata jina lake hawakuliandika.

Jina la Chanka liko hai hadi leo, tena katika lugha. Wanaisimu huita Kikechua cha Ayacucho na Andahuaylas kwa jina hilo, na tofauti yake na cha Cusco inasikika mara moja. Cusco wana konsonanti za namna tatu: tanta ni kukusanya, thanta, yenye pumzi, ni kitu kilichochakaa, na t'anta, inayokatwa kooni, ni mkate. Mchanka hutamka tanta moja tu, maneno mengine yakamweleza. Mtu wa Mombasa, anayetofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi tu, atalishika jambo hili upesi kuliko mwanafunzi wangu yeyote wa bara.

Na kila Juni watu wa Andahuaylas hupanda kwenye magofu ya Sóndor, karibu na ziwa Pacucha, kwenye sherehe ya Sóndor Raymi, kuigiza historia ya mababu zao. Kilima cha Muyu Muyu kimezungushiwa matuta ya mawe kama ngazi za mviringo hadi kileleni. Sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana ni za wakati wa Inka. Waigizaji husimama juu yake wakiwa wamevaa kama Wachanka, na wakati huo jina la Uscovilca linatamkwa na watu wa kwake.