Korona ya protini: chembe za nano zinapokutana na protini

Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mRDT ya zahanati, mara nyingi ni dhahabu. Dhahabu ikiwa katika chembe zenye upana wa makumi machache ya nanometa haina tena rangi ya pete, inakuwa nyekundu. Juu ya kila chembe zimejazana kingamwili, nazo ni protini. Kwa njia inayotumika sana viwandani, kingamwili hizo hazigundishwi na chochote: zinachanganywa na dhahabu kwenye maji, nazo hujinatia zenyewe.

Chembe ya nano ni kitu chenye upana wa kati ya nanometa 1 na 100, na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Protini nyingi za damu zina upana wa nanometa chache tu, kwa hiyo tunazungumzia vitu vinavyokaribiana kimo. Popote chembe hizo zinapoingia kwenye majimaji yenye protini, iwe damu, mate au maziwa, protini huzivamia ndani ya sekunde chache na kuzifunika. Tabaka hilo ndilo huitwa korona ya protini, na halihusiani kabisa na virusi vya korona. Jina lilishika kuanzia 2007, kutokana na kazi za watafiti wa Dublin nchini Ireland na Lund nchini Sweden, wakiwemo Kenneth Dawson na Sara Linse.

Protini inayofika kwanza si lazima ndiyo itakayobaki. Leo Vroman, mtafiti wa damu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi New York, aliliona jambo hili katika miaka ya 1960, akichunguza protini za damu kwenye nyuso za kawaida kama kioo. Albumini imejaa tele kwenye damu, gramu 35 hadi 50 kwa lita ya plazma, hivyo huwahi. Baadaye huondoshwa na protini adimu zaidi zinazoshika kwa nguvu zaidi, kama faibrinojeni inayosaidia damu kuganda, na hizo nazo huweza kuondoshwa na nyingine. Mwishowe hubaki tabaka la ndani lililong'ang'ania na tabaka la nje ambalo protini zake huja na kuondoka.

Protini yenyewe je, inabaki ilivyokuwa? Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake inategemea umbo hilo. Sehemu zinazokwepa maji zimefichwa ndani, na mkunjo mzima unashikiliwa na vifungo dhaifu vingi. Ute wa yai ukichemshwa unakuwa mweupe na mgumu kwa sababu joto limeivuruga mikunjo hiyo. Chembe ya nano inaweza kuivuruga bila joto: uso wake una chaji ya umeme, au unakwepa maji, na sehemu zilizojificha hupata mahali papya pa kushika. Uthabiti wa protini unapungua, na ikiwa ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kazi yake inadorora.

Wengi hudhani kwamba chembe ikiwa ndogo zaidi, madhara ni makubwa zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walijaribu lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye machozi na ute wa yai, juu ya chembe za silika, madini ya mchanga, za nanometa 4, 20 na 100. Zilizokiharibia umbo zaidi ni zile kubwa. Mbele ya chembe ya nanometa 100 lisozaimu hukuta kama uwanda, ikatandazika na kushikwa sehemu nyingi; juu ya chembe ya nanometa 4 hugusana nayo mahali pachache.

Lakini usiifanye hiyo kuwa kanuni. Mwaka 2011 ilionyeshwa kuwa chembe za dhahabu zilizopakwa asidi ya poliakriliki hukunjua faibrinojeni, na kipande kilichokuwa kimefichwa kikatokeza nje. Seli za kinga zikakitambua na kuanza kutoa ishara za uvimbe. Chembe za nanometa 5 zilileta hali hiyo. Za nanometa 20, ingawa nazo zilibeba faibrinojeni, hazikuileta. Ukubwa, chaji, malighafi na protini yenyewe vyote vina usemi, na ndiyo maana simwamini anayesema tu kwamba "nano ni salama" au "nano ni sumu".

Kuna protini iitwayo beta-2 mikroglobulini, ambayo hurundikana kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine miaka mingi na kujenga nyuzi ngumu kwenye maungio ya mifupa. Mwaka 2007 kundi la Linse lilionyesha maabara kwamba chembe za aina kadhaa huharakisha kuanza kwa nyuzi hizo, maana protini zikikusanyika juu ya uso mmoja hukutana upesi. Mwaka uliofuata, kinyume chake, chembe za polima (aina ya plastiki) zilionekana kuchelewesha nyuzi za beta amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer.

Chembe huweza pia kuilinda protini. Kimeng'enya cha soya kilichonatishwa kwenye mirija ya nano ya kaboni kilidumu zaidi kwenye joto la nyuzi 95 za Selsiasi kuliko kilipokuwa huru. Na protini huilinda chembe: ukitia chumvi kwenye maji ya dhahabu tupu, wekundu hugeuka zambarau kwa kuwa chembe zimegandana, lakini dhahabu iliyovaa protini ya kutosha hubaki nyekundu.

Kwa watengeneza dawa, korona ni adha. Wanaweka juu ya chembe protini ya kuitafuta seli ya saratani, kisha damu inaifunika. Wengi huipaka chembe poliethilini glikoli, polima inayopenda maji, ili kupunguza mnatio huo. Dawa iitwayo Onpattro, iliyoidhinishwa Marekani 2018, imekwenda njia nyingine. Chembe zake za lipidi, yaani mafuta, huokota kwenye damu protini ya apoE, ambayo seli za ini huipokea kwa kawaida, na dawa ikaingia humo. Ugonjwa inaoutibu ni wa kurithi, unaotokana na protini nyingine, transthairetini, iliyopoteza uthabiti wake ikakunjuka na kurundikana kwenye neva na moyo.